Nilivyoigawa Doti ya Chiriku

Nimekosa mimi. Si Mhindi wa duka, wala si Chiriku, ingawa naye ana yake. Ni mimi na kisu changu cha mfukoni. Jina langu lifiche, Bwana Mhariri, maana Changamwe wangali wapo wanaonicheka.

Wenye umri wangu watamkumbuka huyo tuliyemwita Chiriku. Vita vikuu vya dunia vilipokwisha, harusi ya Likoni, Kisauni au Changamwe haikuwa harusi mpaka aimbe yeye. Sauti ile, jamani! Akianza, hata wapishi waliacha pilau iungue. Mimi, kijana wa kutoka Rabai niliyemaliza sekondari nikakataa kukaa ofisini, ndiye niliyempigia kodiani.

Sasa sikiliza siri iliyokuwa nyumbani kwake. Chiriku alikuwa na mke Likoni, Mwanaisha, na mke mwingine Chaani, Zena. Dini yake ilimruhusu. Woga wake ndio uliomkataza kusema. Kila mke alijijua yuko peke yake. Akilala Chaani, Likoni waliambiwa ana kazi ya kuimba mbali. Akilala Likoni, Chaani waliambiwa vivyo hivyo. Mpeleka salamu, samaki na uongo nilikuwa mimi! Wote wawili waliniita shemeji, wakanilisha nikashiba.

Idi ikakaribia. Kwetu pwani mwanamume asiyempa mkewe leso mpya za Idi, bora asirudi nyumbani. Chiriku akaniita.

"Yakhe, nenda mjini ukaninunulie doti mbili. Na sikiliza vizuri: usilete sare! Kila doti na rangi yake."

"Yamekwisha hayo," nikamjibu.

Nguo wakati ule zilikuwa za kupanga foleni. Nilipofika mbele, mwenye duka akanisukumia doti moja nyekundu yenye maua ya korosho. "Mtu mmoja, doti moja. Nyingine njoo kesho."

Kesho! Na jioni ile Kisauni kulikuwa na dansi ya mpaka alfajiri, kesho yake nani angeamka kupanga foleni? Na viatu vyangu nilikwisha kuvipiga rangi! Basi nilifanya jambo ambalo hakuna mtu wa pwani mwenye akili zake angelifanya. Mnajua doti ni leso mbili zilizoshikana, moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Nilipokuwa kwenye feri ya kwenda Likoni nikatoa kisu, nikaikata katikati. Feri ikayumba, na kisu kikaenda upogo.

Mwanaisha akaifungua ile moja, akaigeuza, akaitikisa. "Shemeji, mwenzake iko wapi?"

"Iko kwa fundi, inapindwa."

Nikavuka nikaenda Chaani. Zena naye, "Mbona moja? Nimekuwa mjane?"

"Iko kwa fundi, bibi. Inapindwa."

Nikaenda zangu kucheza dansi. Ole wangu, nilicheza vizuri!

Idi ikapita, ikaja harusi Chaani, mchana kweupe. Zena alikuwa jirani ya bibi harusi. Mwanaisha alikuwa na undugu na bwana harusi, akaja kutoka Likoni kimyakimya ili amfurahishe mumewe kwa kumtunza pesa mbele za watu. Chiriku hakujua. Mimi, naapa, sikujua!

Wimbo ukakolea. Wanawake wakaanza kuinuka kumtunza mwimbaji, wakija kwa kucheza. Kulia akatokea Mwanaisha, maua ya korosho mabegani. Kushoto akatokea Zena, maua ya korosho kichwani. Wakakutana mbele ya Chiriku.

"Dada," alisema Zena, "leso hiyo umeitoa wapi? Hii yangu nimeitafutia mwenzake mji mzima."

"Nimepewa na mume wangu, ya Idi. Ya pili iko kwa fundi."

"Inapindwa?"

"Inapindwa!"

Zena akaivua yake kichwani, akaiweka ubavuni mwa ile nyingine. Upogo wa kisu changu ukaingiana kama meno.

"Na huyo fundi ni nani?" akauliza mama mmoja.

Wakanigeukia wote wawili kwa pamoja, kisha taratibu wakamgeukia Chiriku. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukatika. Mimi kwa hofu niliendelea kupiga kodiani peke yangu, kama mwendawazimu.

"Imba, bwana!" Zena akamwambia. "Tumekuja kukutunza. Mbona umenyamaza?"

"Imba, baba," akaongeza Mwanaisha. "Wake zako tunakusikiliza."

Wakamsimamisha akauimba mpaka ubeti wa mwisho, leso zikiwa zimeunganishwa mbele ya macho yake. Watu walicheka hadi bwana harusi akasahauliwa.

Nyumba zote mbili zikamfungia mlango. Alihamia chumbani kwangu Kisauni.

"Kwa nini hukurudi dukani kesho yake?" akaniuliza.

"Kulikuwa na dansi."

"Dansi!" akarudia. Afadhali angenipiga! Akaacha kuimba, kundi likavunjika. Mimi nikashika njia: Voi, Tanga, Kampala. Nimepigia waimbaji wengi, na kila mmoja nilimsikiliza nikimtafuta Chiriku ndani yake. Kodiani nikaiuza. Hayo ndiyo malipo ya dansi moja!

Juzi nikarudi. Nilinunua doti mbili, kila moja na rangi yake, nikaenda Chaani. Nikakuta ua mmoja, milango miwili. Mwanaisha alikuwa akisukuma mahamri, Zena akiyachoma. Na pale chini, juu ya mbuzi, mzee mwenye mvi alikuwa akikuna nazi huku akiimba. Sauti ile ile, jamani!

"Tulimsamehe siku moja ile ile, sote wawili," Zena akanieleza. "Sharti letu aimbe hapahapa, tunapomwona."

Nikawakabidhi doti zao. Mwanaisha akaifungua yake, akaigeuza, akaitikisa, akahesabu leso mbili kwa sauti ili jirani wasikie.

"Alhamdulillahi," akasema. "Fundi amemaliza."

Chiriku akaacha kukuna. "Kodiani iko wapi?"

Basi nikachukua sinia, nikampigia kwa vidole, na yeye akaimba.

Ewe msomaji, ukitumwa doti mbili na ukapata moja, rudi kesho. Dansi itakuwepo tena. Lakini sauti ya rafiki ni moja; ya rafiki yangu nimeizungukia nchi tatu nisiipate.