Makaa ya Lisbet

Siku ya tatu ya mvua, maji yalipenya kwenye dohani yakauzima moto wa Katrin Zimmer. Kwa mwanamke mwingine yeyote wa bonde la Mohawk, huko Marekani, hilo lisingekuwa jambo kubwa. Angechukua chungu cha chuma, akaenda kwa jirani, akarudi na makaa. Hakuna aliyewahi kunyimwa makaa. Lakini tangu mumewe Hannes alipokwenda Kanada kujiunga na jeshi la mfalme wa Uingereza, hakuna aliyevuka kizingiti cha Katrin ila watu wa Kamati ya wapinga mfalme. Nao walichukua ng'ombe, bunduki, hata jiwe na chuma cha kuwashia moto.

"Usiende," alisema mama mkwe wake, Apollonia, akiwa kitandani. "Tufe na heshima yetu."

"Mimi na wewe sawa, mama. Na huyu je?"

Mwanawe Jost alikuwa na miezi minne. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa baridi.

Katrin akachukua chungu, akaenda kwa jirani yake Lisbet Frank, ambaye ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua. Alimkuta na wanawake wanne wakisokota kitani.

"Hee! Mke wa Hannes!" mmoja akadakia. "Mfalme wako hajakuletea kuni?"

Lisbet hakucheka. Mwezi wa nane kaka yake aliuawa na askari wa mfalme. Alikitazama kile chungu.

"Sema mfalme Joji alaaniwe," akasema. "Sema kwa sauti, wote wasikie."

"Alaaniwe mfalme Joji!" Katrin akapaza sauti. "Mimi nimeolewa na Hannes, Lisbet. Mfalme hata simjui sura."

Wanawake wakaangua kicheko. Lisbet akainama kwenye meko, akatia makaa chunguni.

"Mtoto hajambo?" akauliza bila kuinua uso.

"Mwili unazidi kuwa baridi."

Lisbet akaongeza koleo moja, kisha jingine, akafunika chungu kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani, kuni zilipokwisha kushika, Apollonia akauliza, "Wamekudai nini?"

Katrin hakuwahi kumdanganya. Akamwambia.

Bibi kizee akageukia ukutani. "Baba yangu alifika nchi hii hana hata viatu," akasema. "Ufalme ndio uliompa shamba hili. Siuoti moto huo."

Katrin alikaa akimsugua mtoto miguu, akisikia meno ya mkwewe yakigongana. Baada ya kitambo kitanda kikalia. Apollonia alikuja akijikokota, akavuta kigoda hadi karibu na meko, akaketi ameupa moto kisogo.

"Mgongo tu," akasema kwa ukali. "Uso wangu hautautazama. Haya, nipe mjukuu wangu."

Akamlaza Jost begani, uso wa mtoto ukielekea kwenye miali ya moto.