Rufaa Iliyokaa Eda

Baba alishindwa kesi ya nyumba yetu ya Bondeni, na kabla hajakata rufaa akafariki. Aliyemshinda alikuwa ami yangu, ndugu yake wa tumbo moja, aliyedai kiwanja kilikuwa chake peke yake. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Elburgon. Niliteremka Nakuru kwa msiba, na matanga yalipoanuliwa nikabaki na Mama, maana mjane wa eda haachwi peke yake.

Siku za kukata rufaa zilikuwa thelathini. Eda ni miezi minne na siku kumi. Nilikwenda mahakamani kwa niaba yake, karani akanitazama kama nimekuja kuomba chumvi.

"Mama mwenyewe akuje aweke kidole," akasema. "Wewe si mwenye kesi."

Mama aliuliza msikitini, akaambiwa mjane anaweza kutoka mchana kwa haja ya lazima. Asubuhi moja akajifunika gubigubi, tukatoka. Hatujafika barabarani, ami huyo mbele yetu.

"Shemeji, unakwenda wapi? Udongo wa kaburi la ndugu yangu haujakauka!"

Aliipaza sauti hasa, majirani wakachungulia. Mama aliona haya, akarudi ndani, na hakutoka tena mpaka eda ikaisha. Mimi nilitamani kumvurumishia ami kiatu, na hata leo nikikumbuka, mkono unaniwasha.

Alipotoka eda tukaambiwa amechelewa. Lilibaki jambo moja tu: jaji alikuwa na uwezo wa kumsamehe kuchelewa kwake, akipewa sababu ya kutosha. Akikataa, nyumba imekwenda. Nimelifikiria sana neno hilo, sababu ya kutosha. Sheria ina huruma, sikatai, lakini lazima uiombe kwa maelezo, na mengi yanayomchelewesha mwanamke hayaelezeki kwa mkalimani.

Siku ya kusikilizwa maombi yetu mahakamani, wakili wa ami alisimama akasema dini haimfungi mjane ndani akiwa na haja ya lazima. Ilikuwa kweli tupu. Na sisi sababu tuliyoitoa ilikuwa eda. Jaji, Mzungu mwenye sauti ya chini, akamwuliza Mama kama ana la kusema. Mama akaomba amwulize shemejiye swali moja, akakubaliwa.

"Shemeji, siku ile ulinirudisha nyumbani. Ulinirudisha kwa ajili ya dini, au kwa ajili ya nyumba?"

Mkalimani akatafsiri. Wazee wa msikiti wetu walikuwa wameketi nyuma, wote wakimtazama ami. Akajikohoza, akarekebisha kofia yake.

"Kwa ajili ya dini," akasema.

"Basi na mimi nimechelewa kwa ajili ya dini hiyo hiyo." Mama akaketi.

Jaji aliandika kitambo, kisha akatamka kwamba muda umeongezwa na rufaa itasikilizwa. Ilisikilizwa baadaye, na nyumba ikabaki yetu. Lakini siku ile tulipotoka nje nilikuwa nacheka kwa furaha, nimemshika Mama mkono, nikamsifu jinsi alivyomnasa ami. Nikaona analia.

"Sikumtega," akasema. "Hata angesema kwa ajili ya nyumba, muda ningeupata, maana angekuwa amekiri kunizuia. Nilitaka aniombe radhi."