Diski Iliyo Nene

Sokoni Kasongo, kwenye duka la vipuri, nilimkuta mama mmoja akipima diski mbili za freni ya pikipiki, moja kwenye kila kiganja.

"Mama, kamata hii yenye kung'aa, iko mupya," muuzaji alimwambia.

"Iko nyembamba. Ya mutoto wangu wa kwanza ilikuwa hivi. Ilipata moto mu mteremko, njia ya Kabambare, ikapasuka. Tukamuzika."

Muuzaji akamfungia ile nyingine, kuukuu lakini nene.

"Sasa hii iko ya nani?" nikauliza.

"Ya mudogo wake. Nilimukataza kuendesha, akaniuliza tutakula nini."

Akaibana kifuani, akaondoka. Barabara nzuri haiuzwi dukani. Kilichobaki kwa mzazi wa hapa ni kuchagua unene wa chuma.