Maji Yalikuwa Hayajaiva

Fundi wa maji hakuwa amelewa siku ile. Hakuwa amelala, wala hakuwa ameuza chumvi ya kiwanda mitaani, kama wanavyodai watu ambao shule waliijua kwa kupita nje ya uzio wake. Alikuwa na akili zake timamu, mwiko mkononi, anapika maharage. Kosa lake lote limo humo, na wanaotaka kulitangaza walitangaze lilivyo.

Kiwanda kilichanganya na kufungasha dawa ya kuua magugu. Mapipa yakishaoshwa, maji yalibaki na sumu, na kazi ya fundi ilikuwa kuiondoa. Aliyaingiza kwenye tangi, akatia chumvi ili umeme upite vizuri, kisha akawasha. Umeme ulipita kati ya mabamba ya chuma yaliyosimamishwa majini kama vitabu kwenye rafu. Maji yakatoa povu na harufu kali inayowasha pua, na sumu ikavunjwavunjwa kidogo kidogo. Baada ya saa mbili yalikuwa maangavu, na hapo ndipo mjinga angeyafungulia. Yeye aliyaacha kwa muda wa saa nane. Kisha aliimwagilia maji hayo miche ya mchicha aliyoiotesha kwenye makopo dirishani. Miche ikiwa bado imesimama siku ya tatu, alisema maji yameiva.

Hilo lilikuwa neno lake, na kiwanda kizima kililizoea. Kabla hajalitamka, hakuna aliyegusa vali ya kuyamwaga kwenye mfereji, maana mfereji ule ulishuka moja kwa moja hadi kwenye bustani za mboga za akina mama.

Aliyeshika vali alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Fundi ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha kutofautisha bomba na bomba, akavumilia uvivu wake. Lakini meneja alikuwa amechoka kusubiri makopo.

"Kaka yako anayaatamia maji kama kuku," alimwambia yule mdogo mbele ya watu, nao wakacheka. Alipobaki naye peke yake akamwahidi kwamba tangi likiwa tupu kufikia jioni, usimamizi wa zamu ni wake.

Ilikuwa siku ya kwanza tu ya miche. Saa saba mchana fundi alikuwa ameinamia jiko dogo la umeme, mgongo ameupa mlango. Mdogo wake akachungulia, vibarua wawili wakiwa nyuma yake.

"Kaka, yameiva?"

Fundi akabonyeza punje moja kwa vidole. "Yameiva. Njoo ule."

Yule mdogo akawageukia vibarua, ambao kwa kelele za mashine walikuwa wamelipata neno la kwanza tu. Akawauliza kama wamesikia. Wakaitikia. Akaingia, akaketi, akala sahani mbili, akasifu chumvi ilivyokolea. Akanawa mikono. Kisha akaenda kufungua vali.

Siku ya nne akina mama walifika getini wamebeba mboga zao. Majani yalikuwa ya njano, yamejikunja kama nywele zilizoungua. Mmoja wao, mwenye watoto watano na bustani moja, alimtupia fundi fungu zima usoni. Fundi hakujifuta.

Kikaoni, meneja alitaka jibu fupi: alilitamka lile neno au hakulitamka? Fundi alikiri kulitamka, ila alikuwa anazungumzia maharage. Chumba kizima kikaangua kicheko. Meneja alifuta machozi kwa leso, akauliza kama siku hizi tangi na sufuria ni kitu kimoja.

Fundi akamtazama mdogo wake. "Waambie nilichosema baada ya hapo. Ni maneno mawili tu."

Mdogo wake aliangalia viatu vyake. "Mimi nilisikia yameiva."

Fundi alifukuzwa kazi kabla ya saa kumi. Makopo ya miche yalitupwa jalalani, naye aliyaona alipokuwa anatoka. Tangu hapo jina lake likawa Bwana Yameiva. Akiingia dukani, muuzaji alimuuliza kama yameiva. Akipita karibu na shule, watoto walimwimbia. Kinyozi alimnyoa nusu kichwa, akasimama, akauliza kama na upande ule umeiva, na waliokuwa kwenye foleni wakagongana mabega kwa kicheko. Fundi alirudi nyumbani na nusu ile, mkewe akammalizia kwa mkasi.

Hakutaka kazi yake irudi. Alitaka jambo moja: mdogo wake ateremke bustanini, awaambie akina mama yale maneno mawili aliyoyameza. Alisubiri miaka sita. Mdogo, sasa msimamizi, alituma shati jipya, likarudishwa. Akatuma saa ya ukutani, nayo ikarudishwa. Fundi alipougua, mkewe alipiga simu mara tatu. Mara zote tatu aliambiwa zamu haina mtu wa kuishika.

Mdogo alikuja kumzika, katika gari la kiwanda. Siku ya tatu baada ya maziko alirudi, akaketi kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa, na chai ikapoa mbele yake.

"Shemeji, kaka alisema lolote juu yangu mwishoni?"

"Alisema."

Akasogea ukingoni mwa kiti. "Alinisamehe?"

Mjane alichukua kikombe, akaimwaga chai nje ya dirisha.

"Shemeji, nakuomba. Hata neno moja. Mimi silali."

"Bustanini unapajua," alisema mjane. "Ulishindwa kuteremka akiwa hai. Alichosema nilikisikia mimi peke yangu."

"Basi niambie ni heri au ni shari, niende zangu."

"Sisemi zaidi."