Maua ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa na jino hata moja la mbele, na herufi f ilikuwa imemshinda kabisa. Futari kwake ilikuwa "utari", na akikuagiza "unga mlango" ujue anataka uufunge. Nilipoolewa kutoka Mikindani nikaletwa kijijini kwao, karibu na Ghuba ya Mnazi, nilicheka mpaka mume wangu akanifinya. Mimi mtoto wa mjini, nimezoea wali na samaki. Huko nikakuta muhogo asubuhi, muhogo mchana, na usiku makopa, yaani muhogo ule ule uliokaushwa. Nikanuna. Mdomo wangu haujui kunyamaza, basi mimi na mama mkwe tulirushiana maneno kutwa, na mume wangu katikati akicheka tu.

Ndipo ikaja ile homa ya mafua ya miaka ya hamsini, iliyozunguka dunia nzima. Wengine walisema imeshuka na meli bandarini Mtwara, wengine wakasema imeletwa na abiria wa lori. Sisi tuliiona tu ikipita nyumba hadi nyumba. Watu waliacha kupeana mikono. Mama mkwe ndiye aliyetuletea habari kutoka kisimani: "Maua yameika kwa jirani." "Maua yamemlaza mwalimu wa chuoni." Mwanzoni nilicheka. Tulipoanza kuzika sikucheka tena, na masikio yangu yakazoea: akisema maua, mimi nasikia mafua.

Kisha yakaingia kwetu. Mume wangu akalala kwenye kitanda cha kamba, kifua kinakoroma. Tulimfukiza kwa majani ya mwarobaini, tukamkanda. Homa inashuka, inapanda. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kula. Nikimpelekea uji anageukia ukutani.

"Ile mikorosho," akaniambia, "mtakuja kula nyinyi."

Alikuwa ameipanda kwa mikono yake kabla hajanioa. Ilikuwa bado michanga, haijawahi kuchanua, na kila asubuhi alikuwa akienda kuikagua kabla hata ya kunywa chai. Nikamkemea: "Koma! Utakula mwenyewe!" Nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko. Nilimpenda yule mtu, na sikuwa nimewahi kumwambia.

Kesho yake mama mkwe alikwenda shamba kung'oa muhogo. Mara namsikia anarudi mbio, hana jembe, kanga inaburuzika, anapiga kelele: "Maua! Maua yamekuja! Yameingia shamba zima!"

Yarabi, na huyu ameshayapata, homa imempanda kichwani, anaweweseka! Mgonjwa mmoja ndani, wa pili huyu hapa, na mimi peke yangu. Nikamshika mkono kwa hasira.

"Mama, mafua tunayo tele humu ndani! Huko shambani yamshike nani, ngedere? Ingia ulale!"

"Alale nani?" Akajichomoa. "Wewe mtoto wa Mikindani, masikio umeyaacha kwenu? Maua, nakwambia! Maua!"

"Ndiyo, mama, mafua, nimesikia..."

Akafungua pindo la kanga, akanibandika kitu puani. Kilikuwa kitawi cha mkorosho, kimejaa vijiua vidogo vyeupe vyenye michirizi ya waridi, vinanukia utamu.

Ndani tukasikia kikohozi, kisha kile kikohozi kikageuka kicheko. Mume wangu alikuwa amesikia yote.

"Mama," akaita, "hebu yalete hayo mafua niyaone."

Akajiinua kwa kiwiko, akakipeleka kitawi puani, akavuta pumzi. "Sisikii harufu," akasema, "lakini naona." Akakigeuzageuza. "Imechanua yote?"

"Yote," akajibu mama yake. "Hata ule wa njiani uliotaka kuukata."

Akanitazama. "Mke wangu, uji upo?"

Nilikimbia nao mpaka nusu ukamwagika.

Hakupona siku ile. Lakini alikula, na kesho akala tena. Maua yalipoanza kushika korosho, alijikongoja mpaka shambani, mimi nimemshika upande huu, mama yake upande ule, tunabishana nani anamshika vibaya. Njiani jirani alimpa mkono, naye akaupokea.

Mama mkwe ametangulia mbele ya haki siku nyingi, na ile mikorosho sasa imezeeka. Msimu ukifika, mume wangu huenda kuitazama asubuhi, bado hajanywa chai. Akirudi husimama mlangoni, mzee mzima, akaita: "Mke wangu, tumepata mafua!" Wageni hushtuka. Mimi husema Alhamdulillahi, nikateleka uji.