Namba ya Odette

Verlene Tibbs alipikia watoto wa shule ya mji wetu, huku kwenye mashamba ya lozi ya California, mpaka magoti yakagoma. Alipofiwa na mume, nyumba ikampwaya, akaomba serikali impe watoto wa kulea. Walipita wengi mikononi mwake. Wa mwisho alikuwa Araceli, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye kila nyumba aliyokaa ilimshindwa ikamrudisha. Verlene aliapa kwamba kwake hatarudishwa.

Araceli alikuwa mcheshi, mchokozi kupindukia. Lakini siku mama yake mzazi alipoahidi kuja kumwona kisha asitokee, alivunja sahani, akajifungia bafuni na kusema amechoka kuishi. Verlene akapiga namba ya serikali iliyowekwa kwa watoto wa kulea wanaozidiwa na mambo. Haikupita saa akafika Odette Quiroga, mshauri wa kikosi cha dharura cha kaunti yetu. Hakuja na king'ora wala pingu. Aliketi sakafuni nje ya mlango, akafungua pakiti ya krispi, akaanza kutafuna kwa fujo.

"Unamaliza zote?" Araceli akauliza kutoka ndani.

"Zimebaki za kuhesabu. Toka uje ugombee haki yako."

Akatoka.

Wakati wa kuaga, Odette alimwandikia Verlene namba yake mwenyewe. "Bi Verlene, ukipiga ile ya serikali utahojiwa mpaka ukome. Wewe nipigie mimi."

Verlene si mchoyo. Namba ile aliwagawia akina mama walezi wote wa kanisani kwake, nao wakawapa wenzao. Ikawa ndiyo desturi yetu: mtoto akizidiwa, anapigiwa Odette, na Odette anakuja, hata siku yake ya mapumziko. Namba ya serikali tuliisahau kabisa. Tulijiona wajanja kweli.

Kisha ukaja mwaka wa bajeti kubanwa. Kaunti iliitisha kikao, na Verlene akaenda kuwatetea akina Odette. Ofisa wa serikali ya jimbo aliyesimama mbele alikuwa kijana mpole.

"Kutoka kaunti hii simu haziji," alisema. "Tunapeleka fedha kule watu wanakopiga."

Verlene akainuka. "Mwanangu, mbona tunapiga kila wiki? Tunampigia Odette."

"Kwenye simu ya ofisi?"

"Yake mwenyewe."

Kijana hakumcheka, na afadhali angemcheka. "Mama, hizo sisi hatuzioni. Kwetu ni kama hamkupiga."

Fedha zikakatwa, kikosi kikavunjwa. Odette alipata kazi jimbo la Oregon, akahama.

Mama mzazi wa Araceli aliahidi tena kuja, Jumapili ya Pasaka, na tena hakutokea. Makaroni yalipoa mezani. Araceli akapiga ngumi kioo cha sebuleni, akaokota kipande na kukiweka kwenye kifundo cha mkono. Verlene, kwa mazoea, alimpigia Odette.

"Niko mbali, Bi Verlene. Mpe simu niongee naye," Odette alisema.

Araceli alikataa simu. Damu ilikuwa imeanza kumtoka. Verlene aliogopa, akaita polisi, maana hakubaki mwingine wa kumwita. Walikuja vijana wawili, wala hawakuwa wabaya, ila walifanya wanachokijua. Walimtia mtoto pingu, wakampitisha mbele ya majirani waliovalia nguo za sikukuu, wakampeleka hospitali.

Kutoka hospitali, Araceli hakurudi. Watu wa ustawi wa jamii walisema mtoto wa aina yake hawezi kukaa kwenye kaunti isiyo na watu wa dharura, wakampeleka kaunti ya jirani, ambako kikosi bado kipo. Verlene aliomba, akalia ofisini bila haya, wasimsikie.

Mwezi uliofuata Araceli alipiga simu.

"Huku si kubaya," alisema. "Kuna dada mmoja anakuja nikizidiwa. Amenipa namba yake mwenyewe."

"Ifute."

"Eti nini?"

"Ifute, mwanangu. Piga ile ya serikali, kila mara, hata wakikuhoji mpaka ukasirike. Na mwambie huyo mama unayekaa naye." Akamweleza yote, kuanzia yeye mwenyewe alivyoigawa namba ya Odette kanisani.

Araceli akauliza:

"Kwa hiyo mngepiga ile nyingine, ningekuwa bado hapo kwako?"

Verlene angeweza kumdanganya, na alitamani sana kumdanganya.

"Nadhani ndiyo, mwanangu."