Wanafunzi Waliokuja Ubaruku Kuhemea

Niliacha shule nikiwa darasa la nne. Si kwamba ada ilikosekana au kichwa kilikuwa kizito. Miguu tu ilikuwa inawasha. Katikati ya miaka ya hamsini miguu hiyo ilinifikisha Ubaruku, nikawa navuna mpunga wa mjane mmoja wa Kisangu mwenye majaruba mengi kuliko wanaume waliopakana naye. Penye jambo geni sikuweza kukaa mbali. Kwa hiyo lori la kutoka Igawa liliposhusha wanafunzi watano wa sekondari ya Iringa, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, niliweka mundu chini nikaenda kuwatazama.

Walikuja kukusanya mpunga. Wangeuuza mjini, wanunue mablanketi ya wagonjwa wa ukoma waliotengwa kwenye kambi moja kule milimani, kabla baridi ya mwezi wa saba haijakaza. Aliyenieleza ni kiongozi wao, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Nilimuuliza maswali mpaka wenzake wakachoka, wakaenda kwenye mfereji wa maji kunawa. Hapo akashusha sauti, akasema kaka yake yumo kambini humo, mwaka wa pili sasa, anajifunika gunia.

"Wenzako wanajua?"

"Hawajui. Tunalala bweni moja, tunakula sahani moja. Wakijua, nani atakubali kitanda cha jirani yangu? Tafadhali bwana, usiniponze."

Nikamwahidi.

Asubuhi walijipanga mstari mbele ya uwanja wa kupuria, wakaimba kwa sauti nne, kisha kiongozi akasoma barua ya mwalimu wao iliyoomba watu wawasaidie wenzao wasiojiweza. Watu walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakarudi kazini. Hakuna aliyetoa hata kikapu.

"Wameimba vizuri," mjane aliniambia. "Sasa wanataka nini?"

"Mpunga, mama."

"Si waseme! Na fimbo za kupuria hawazioni?"

Nikaenda kuwafafanulia. Njaa ikipiga milimani, watu hushuka huku kuhemea. Unamkuta mwenye mpunga, unamwamkia "kamwene", unashika fimbo mnapura pamoja, na mwisho anakupimia cha kupeleka kwenu. Kusimama umevaa viatu na kuimba, hilo hapa halikuwa ombi, lilikuwa tamasha. Mmoja wao, mnene kidogo, alinung'unika kwamba hakwenda sekondari ili aje kupura mpunga.

"Basi kaipike hiyo sauti yako uile," mjane alimjibu kutoka kwenye lundo. Wanawake wakaangua kicheko. Mnene akavua viatu.

Walipura siku mbili, viganja vikatoka malengelenge. Siku ya pili alasiri, lori likiwa limekwisha kurudi kuwachukua, mjane alikaa kando ya lundo na kikapu chake cha kupimia. Kabla ya kupima, mwenye mpunga huuliza, ndiyo desturi.

"Huu wa nani?"

"Wa wagonjwa, mama," kiongozi alisema.

"Wagonjwa wana mama zao. Nakuuliza wewe, unampelekea nani? Mtu hahemei watu asiowajua. Nikupimie, halafu mkauze mnywe chai mjini?"

"Mama, barua ya mwalimu..."

"Barua niliisikia jana."

Kijana alinitazama. Ningeweza kumsaidia kwa uongo, nikamtajia mjane shangazi yeyote aliyelazwa. Nimewahi kudanganya kwa shida ndogo kuliko ile. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Kaka yangu," akasema. "Yumo mle kambini. Mtoto wa mama yangu."

Wenzake walisikia. Mnene alikuwa ameshika mdomo wa gunia. Hakuuachia, lakini hakuinua macho. Mjane alichota akamimina, akachota tena, mpaka magunia mawili yakajaa. Majirani walipoona amepima, wakaja na vikapu vyao, na kila mmoja aliuliza, "Wa huyo kaka?" Naye kijana akajibu, "Wa kaka, na wenzake," akarudia hivyo kwa kila kikapu, mpaka sauti ikaacha kutetemeka.

Kisha tukaletewa chakula, wali na kambale kwenye sinia moja, kama jana yake. Kijana alinawa, akakaa, akaweka mikono magotini. Wenzake wawili walitazamana, wakaanza kula. Wa tatu alisema tumbo linamsumbua, akaenda kupanda lori. Mnene alimeza tonge, akamgeukia kiongozi.

"Kula bwana, dereva hatatungoja."

Akala.

Nami nilikula, mimi niliyeijua siri yake kabla yao wote. Ila kabla ya kukaa nilizunguka lile sinia nikachagua upande wa pili, mbali na mkono wake, naye aliniona nikizunguka.